Daftari la Njia ya Misonobari

Mimi ndiye mweka hazina wa njia hii ya Kileleshwa
tangu simu zilipokuwa bado na mkia wa waya.
Daftari nililokabidhiwa lina jalada jekundu,
pembe moja imetafunwa na mbwa wa Bwana Shantilal,
na ukurasa wa kwanza una nyumba kumi na moja.
Kumi na moja tu: vidole, na pua.

Shantilal wa kiwanda cha vifungo.
Daktari Were na Drusila wake, na ugomvi wao juu ya waridi.
Nyaguthii, mjane wa mkurugenzi, namba tano.
Mishahara hatukuulizana.
Tuliisikia milangoni: lango la mbao hulia,
la chuma hunguruma, na la Shantilal
siku lilipojifungua lenyewe
tulisimama barabarani, watu wazima na nguo za kulalia,
tukaliomba lirudie.

Ada ilikuwa shilingi mia mbili.
Ilinunua balbu nne, filimbi ya Musembi bawabu,
na sukari ya chai yake.

Kisha Shantilal akamfuata mwanawe Toronto.
Mbwa akabaki wiki mbili akibwekea tingatinga.
Penye paa moja la vigae pakaota ghorofa kumi na nne;
penye jina moja nikahitaji mistari hamsini na sita.
Nikanunua daftari la pili. La tatu nililetewa,
halina karatasi, limo ndani ya simu,
nami sijui kulifunga.

Wakaja.
Hodan Abdille wa vitambaa vya Eastleigh,
na watoto watano, na mama mkwe asiyeamini lifti.
Vijana wanne wa chumba kimoja
waamkao jua likizama, wakafanye kazi
kwa kampuni ambayo mlango wake hawajauona.
Jerotich, aliyeshikwa na uchungu stima zilipopotea
kati ya ghorofa ya sita na ya saba;
mtoto ana jina zuri la ukoo wao,
lakini nani analitumia? Sote twamwita Lifti.

Mwaka jana kamati ikamleta mtu wa takwimu.
Akatembea na kishikwambi, akanywa chai yangu, akasema:
wastani wa mapato hapa umeshuka,
wastani wa umri umeshuka zaidi,
bei ya ardhi imepanda mara tisa.
Nikamwuliza, huyo Wastani anakaa namba ngapi?
Maana hajawahi kunilipa.

Akacheka. Mimi sikucheka.
Nilikuwa namwaza Nyaguthii, namba tano,
nusu ekari ambayo madalali huitaja kwa kunong'ona,
na ambaye mama wa kibanda aliniambia
hununua yai moja. Si trei. Yai,
hulibeba kwa viganja viwili kama kifaranga.
Tajiri wa udongo, maskini wa unga.
Waridi zake sasa hupata jua saa mbili kwa siku,
lililobaki limepangishwa.

Hata hivyo daftari lasema amelipa.
Kila tarehe tano huingia malipo mawili
kutoka nambari moja, na maneno haya:
yangu, na ya mama wa maua.
Hodan hajanitajia neno. Nami sijamwuliza.
Nyaguthii hudhani nimemsahau kwa heshima
na hunisalimu kwa ukali kidogo,
kama mtu anayedaiwa na asiyetaka kudaiwa.

Barua ya dalali kwangu ilikuja mwezi Machi.
Karatasi nzito, sifuri nyingi mno,
nilizihesabu kwa ncha ya kalamu, nikapotea, nikaanza upya.
Pensheni yangu haijajua kwamba maji yamepanda.
Bado sijajibu. Naitumia barua hiyo
kuwekea alama ukurasa wa wanaodaiwa,
ambao ni mfupi siku hizi, vijana hulipa upesi;
majina matatu,
na la katikati ni mwandiko wangu, jina langu.