Mstari Mweupe

Jumanne, saa tatu asubuhi, Mbale.
Sumaku yetu haingurumi kama zile kubwa;
inakaa tu, kama mtungi mtupu,
na ndani yake tumelaza kichwa cha Wepukhulu,
miezi saba, kizito kuliko mwili unaokibeba.

Kazi yangu ni kusema: mama, shika miguu.
Asitikisike. Dakika kumi na nne.
Kisha picha inapanda kwenye skrini,
ya kijivu, punje punje, unga wa wimbi uliomwagika,
na katikati yake, tena,
mstari mweupe
kutoka sikio hadi sikio.

Mudoma aliisuka koili hii kwa mkono.
Kabla yetu alisuka mota za vinu vya posho
na bado anahesabu mizunguko kwa Kigisu, chini kwa chini.
Anaapa kosa si la shaba yake.
Amoding, mwanahisabati wa Soroti,
hajawahi kuona damu na hataki.
Aliandika programu ya kufuta kelele.
Ikafuta. Picha ikatakata
kama sahani ya mgeni.

Tukapiga makofi. Daktari Nakhumitsa hakupiga.
Akainama: "Huu ukuta, kati ya chumba na chumba,
umeuona, au umeukisia?"
Amoding kimya.
Programu yake ilifundwa kwa vichwa elfu vya mbali,
vichwa ambavyo maji hayakuvitanua;
palipokosekana ukuta, ikachora ukuta,
kwa adabu, kwa mazoea.
"Kisu changu," daktari akasema, "hakipiti kwenye makisio."

Wiki tatu za ugomvi.
Neno moja, kelele, na kila mtu ana lake:
kwa Amoding ni namba,
kwa Mudoma ni waya uliolegea,
kwangu ni mtoto anayelia.

Sista Neumbe ndiye aliyetoka nje.
Alisimama langoni, saa yake imebanwa kifuani,
akatazama ng'ambo ya barabara
fundi Gidudu akichomelea geti.
Cheche. Akainua kidole. Mstari.
Cheche. Mstari.

Siku hizi, Jumanne na Alhamisi,
Gidudu hupewa chai na chapati mbili
anywe polepole, dakika kumi na nne.
Kwenye ripoti ya wafadhili tumeandika:
udhibiti wa mwingiliano wa sumakuumeme.

Programu hatukuitupa. Picha zinakaa mbili mbili,
mbichi na iliyopikwa,
na pale inapokisia, Amoding ameilazimisha ikiri:
doa la njano, maana yake sijui.
Kichwani mwa Wepukhulu madoa ni manne.
Mama yake anayatazama, ananiuliza ni nini.
Namwambia: hapo ndipo tulipokwama.
Anavuta shuka. "Na huku kushoto?
Akilalia kushoto ndipo hulia."

Hakuna aliyekuwa ameliandika hilo.
Namwita Amoding, aje na kalamu.