Dakika Tatu

Basi la Pont-y-Grug hufika saa moja na dakika kumi na nne.
Treni yangu huondoka saa moja na kumi na moja.
Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Miaka tisa nimesimama mlango wa behewa la nyuma,
filimbi mdomoni, nikitazama taa za basi
zikishuka kilima cha machimbo,
taa mbili za njano zikiikonyeza mvua.
Ndani yake yumo Eluned, mfua mashuka wa hospitali,
yumo Iolo na begi lake la ufundi bomba,
na mzee Talfryn anayekwenda kusafishwa damu
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Nawajua.
Nami napuliza.

Basi ni la kampuni moja, treni ya nyingine,
na ratiba zao ni mawifi waliogombana:
wanaishi ua mmoja, hawaombani hata chumvi.

Eluned aliandika barua. Hakuomba reli mpya.
Hakuomba hata ile njia ya kaskazini
iliyong'olewa babu yake angali kijana,
vyuma vikauzwa kwa kilo,
hata leo ukitaka kwenda mji wa jirani kwa treni
sharti uingie kwanza nchi ya Waingereza
kisha utoke tena,
kama mtu ashikaye sikio la kulia
kwa mkono wa kushoto, kupitia kisogoni.
Aliomba dakika tatu.

Wakamjibu: tumepokea.
Wakamjibu: linashughulikiwa.
Wakaja ukumbini na biskuti na ramani ya rangi,
wakatuonyesha mchoro wa stesheni ya vioo,
miti kandokando, watu wembamba wasio na mizigo.
Talfryn akauliza
kama humo mchoroni kuna choo.

Mwezi wa pili, asubuhi ya barafu,
taa zikatokea kilimani, nami nikainama
kufunga kamba za kiatu.
Nikafunga polepole, kama anayejifunza.
Wakaja mbio, Talfryn katikati, ameshikwa makwapa.
Eluned akaketi, akakung'uta mwavuli,
hakunishukuru. Alinitazama miguuni.
Viatu vyangu havina kamba.

Huko mbele, kwenye makutano,
kila siku tunasimama dakika nne
kuipisha treni ya mbao.
Siku hiyo tulisimama moja.
Tukafika kwa wakati.

Lakini mashine haisahau. Niliitwa ofisini,
nikapewa karatasi ya onyo, nikaweka sahihi,
na yule bwana, Meilyr, kijana mpole,
akaniuliza kwa sauti ya chini:
zile dakika nne za makutano, nani mwingine anazijua?
Nikamwambia: abiria wote.
Akaandika.

Ratiba mpya imetoka mwezi wa sita.
Treni: saa moja na robo.
Tulipigiana makofi kwenye jukwaa, hata dereva.
Kisha Iolo akasoma karatasi ya basi, iliyobandikwa jana yake:
sasa linazungukia shule,
litafika saa moja na kumi na nane.

Eluned ameshatoa kalamu.
Mimi nimenunua viatu vya kamba.