Sakitu ya Isongole

Saa nane usiku nimefungua dirisha.
Nje, sakitu imelala juu ya majani ya viazi
kama unga uliomwagika, na hakuna wa kuufagia.
Ni Juni. Hata mbwa wa Mwalyego amejikunja ndani ya tenga,
nami, Subilaga, mama wa wanne,
nimesimama na gauni jepesi, jasho likinishuka
kifuani mpaka kitovuni, kana kwamba niko Kyela,
Novemba, kabla ya mvua.

"Funga!" unasema, Ambakisye, toka chini ya mablanketi matatu.
"Unataka tufe na nimonia?"
Sijibu. Nikijibu nitalia,
na nikilia utauliza nani kafa,
na hakuna aliyekufa.

Labda yupo. Sijui.

Jumanne nilivunja chupa ya chai
kwa sababu kifuniko kiligoma.
Sokoni nilimtukana mpima viazi juu ya lumbesa,
mtoto wa watu, umri wa kitinda mimba wangu,
halafu nikarudi njia nzima nikimwombea.
Kwenye kwaya ya kina mama nilisahau
jina la wifi yangu, aliyesimama ubavuni mwangu
miaka kumi na tisa. Nikamwita "wewe."
Nikaimba sauti ya pili kwa nguvu, ili asinitazame.

Muuguzi wa zahanati, binti mwenye mwanya,
aliniuliza mara ya mwisho ilikuwa lini.
Nikahesabu kwa misimu: baada ya mahindi, kabla ya pareto.
Akaandika. Akasema, "Mama, ni homoni, zinafunga virago.
Si wazimu, wala hujarogwa."
Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka pia kumpiga kofi.
"Na baba, yukoje huko nyumbani?"
Nikacheka. "Baba? Baba ni jiwe la kusagia."

Lakini tangu siku ile nakuangalia.
Wewe uliyekuwa ukipandisha gunia begani ukipiga mluzi,
sasa unasinzia na tonge mkononi.
Unagombana na redio.
Ulinuna siku mbili kwa ajili ya chumvi ya mbalaga.
Na tulipouza yule ndama mwenye baka jeupe,
ulikwenda nyuma ya banda kutafuta kamba,
na kamba ulikuwa umeishika.
Kitandani unanigeuzia mgongo kwa adabu,
kama mtu anayedaiwa.
Nilidhani kuna mwanamke Kiwira.
Nilimwaza mpaka nikampa sura, nikampa na viatu.

Muuguzi alisema wanaume nao hupungukiwa,
ila kwao ni kama chemli: utambi unashuka, unashuka,
na watu wa nyumba wanalaumu macho yao.

Haya yote nimekuambia usiku huu, dirisha likiwa wazi,
nikiwa nimekupa kisogo, maana usoni nisingeweza.
Kimya. Nikajua umelala.
Kisha sauti yako, ndogo, toka chini ya blanketi:

"Mimi nilidhani ni maini."

"Maini?"

"Nilikwenda kwa yule wa mizizi, Kandete.
Nimekunywa chupa tatu. Chungu, Subilaga. Chungu!"

Nilicheka mpaka sikujua
lipi ni jasho na lipi ni chozi; gizani vyote ni maji.
Ukakasirika. Halafu ukaacha.

Dirisha tumelibakiza upana wa kiganja.
Hatujapatana. Kesho nitavunja kitu kingine,
nawe utamfokea mtangazaji wa bei za mazao.
Lakini hiyo miguu yako, baridi kama jembe la alfajiri,
ilete. Iweke hapa, mgongoni.
Moto huu sikuuomba,
na kuni zake sijui zinatoka msitu gani,
ila usiku wa leo, walau mtu mmoja humu ndani auote.