Fito Themanini na Moja

Mwaka jana dada alipungukiwa alama kumi na moja.
Hakulia mbele yetu. Alitoka nje kupasua kuni,
kuni zilipokwisha akapasua na kigoda cha mama.

Sasa ni Januari, na Ulaanbaatar inakohoa.
Moshi wa makaa umelalia mlima wetu,
nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri,
kope zinagandana ukipepesa.
Humu ndani, hema letu la sufu lina jiko katikati,
kitanda cha mama, changu, cha Ariunzul,
na fito za paa, themanini na moja, nyekundu.
Hakuna chumba cha kusomea.
Duara halina hata pembe ya kujifichia.

Usiku mmoja akaniamsha: "Nimepata meza."
Akaonyesha juu.

Kila ufito akaupa kazi.
Wa kwanza, juu ya mlango: asidi.
Wa pili: besi, jirani asiyepatana naye.
Wa tisa: chumba cha kushoto cha moyo,
chenye ukuta mnene kwa kuwa safari ya damu yake ni ndefu.
Wa ishirini una kovu la moto;
hapo akauweka mwako,
maana, alisema, kilichokuunguza hukisahau.

Saa yetu ilikufa zamani. Anapima kwa birika:
anateleka chai ya maziwa na chumvi,
anasoma mpaka ichemke,
ikichemka anafunga daftari hata kama sentensi haijaisha.
Tunakunywa. Tunarusha mifupa ya vifundo vya kondoo, mchezo mmoja.
"Hata gunia," anasema, "ukilishindilia sana linapasuka mshono."

Kisha mimi ndiye mwalimu. Nina miaka kumi,
sijui elektroni inakula nini, ila kadi nazishika mimi.
Akikosea, kadi inalala kwenye ufito ulio juu ya mto wake,
iulizwe kesho.
Akipatia, inahamia mbali, iulizwe Ijumaa,
halafu mwezi ujao, akiwa ameanza kuisahau.
Siku nyingine ananigeuzia:
"Nitakueleza. Usipoelewa wewe, sijaelewa mimi."
Nami namchosha kwa "kwa nini",
hadi akanitungia:

*Damu chafu yaingia,*
*kulia inaanzia,*
*mapafuni yapitia,*
*kushoto yarudi safi.*

Niliighani nikichota maji kioskini. Watu waligeuka.

Machi ikaja na siku ambayo hakusoma.
Alilala kifudifudi, akazipa fito zote mgongo.
Jirani Khandsuren alikuwa amepita:
kiwandani wanaajiri, na mtihani, alisema, haupikiki.
Mama akarudi kutoka zamu ya usiku,
vidole vimetobolewa na sindano. Hakuhubiri.
Aliuliza tu, akivua buti:
"Mwaka jana ungetaja fito ngapi?"
Sauti ndani ya mto: "Kama hizi zingekuwa... arobaini. Labda."
"Na leo?"

Kimya.
Halafu, kidogo kidogo, kuanzia mlangoni,
asidi, besi, chumvi...
Alipofika sitini na sita birika likafurika,
jiko likafoka, na hakuna aliyeinuka kuliepua.

Mkesha wa mtihani alikataa daftari.
Alichonga penseli mbili, akaosha nywele.
Nikamuuliza kuhusu ufito wa mwisho,
ule ulio juu ya kitanda changu, ambao hajawahi kuniambia niuulize.
"Huo sikuupa kitu," akasema.
"Nikikwama nitafika hapo, nitapumua mara tatu,
halafu nitarudi mlangoni kuanza upya."

Ameondoka asubuhi na koti la kuazima.
Wanasema dari ya ukumbi ni bapa, nyeupe, haina hata ufa.
Nimelala kitandani kwake, mlango wazi, Juni inaingia.
Nahesabu pamoja naye: asidi, besi...
Polepole,
nisije nikampita.