Guni

Kadhi aligawa kila kitu.
Mamangu thumuni yake, kakangu Shekue mafungu mawili,
mimi moja: chumba cha chini, nyumba ya Kuze,
na cherehani isiyo na mkanda.
Kalamu ikafunikwa. Tukanywa kahawa.

Hakuna aliyeutaja moyo.

Baba alikuwa mtu wa mizani.
Redioni wakisoma mashairi usiku
alihesabu kwa gumba juu ya vidole,
nane, nane,
na mshororo ukipungua hata silabi moja
alifyonya: "Guni hilo. Arudishiwe mwenyewe."
Kumbe kifuani alikuwa na lake,
sita, kumi na moja, tatu,
kimya,
tisa.

Dadake, Bi Mwanakheri, alipopinda mdomo
katikati ya harusi ya Mkanyageni
tulisema kapigwa na upepo. Tukafukiza ubani.
Babu alianguka kisimani: utelezi, tukasema.

Leo, hospitali ya Makadara, Daktari Mwakio
kanyoosha mezani karatasi ya miraba ya waridi.
"Kabla ya kila mlima huwa na kijilima.
Chako hakipo. Vyumba vya juu havipigi,
vinatetema kama halua isiyoshika."
Ni jeni gani, namuuliza, nijue la kulilaumu.
"Si moja. Ni nyingi, mamia huenda,
herufi imegeuka hapa, nyingine kule,
kila moja nyepesi kama punje ya mchele.
Halafu tia presha. Tia miaka."

Haba na haba, basi.
Kibaba kimejazwa na watu nisiowajua majina.

Nimeshuka ngazi na vidonge vya kuzuia damu isigande,
mkono ukutani.

Shekue kapiga simu: cherehani tuiuze.
Namwambia, kapime moyo.
"Mimi sina kitu."
Ndivyo alivyosema baba, sauti ile ile.

Thureya, miaka tisa, amelala.
Natega sikio kifuani pake.
Nane. Nane.
Sijui punje ngapi zimevuka kutoka kwangu.
Kadhi wa mirathi hii hana kitabu,
hurusha shilingi gizani, mara elfu,
wala hamwiti mrithi kuja kutia sahihi.
Nane.
"Mama, wafanya nini?"
Nahesabu.
"Umefika ngapi?"
Umenipotezea, mwanangu. Lala.
Naanza upya.