Zamu ya Alhamisi

Alhamisi zamu ni yangu.
Ufunguo hugoma baridi ikizidi;
naupulizia pumzi, nautolea maneno yasiyoandikika,
mlango unakubali,
na harufu ya sabuni za Õnne inanipokea kabla ya taa.

Hapa palikuwa duka la dawa.
Kabati lina droo arobaini na mbili,
kila moja na jina la Kilatini juu ya kibao cha kauri.
Tumegawana.
Miiko ya Kalju imelala penye afyuni.
Glavu zangu za sufu zimepata kafuri na droo mbili chini yake,
ambazo mteja hazioni asipoinama,
na watu wa Viljandi, mwezi wa Februari,
hawamwinamii mtu.

Pea moja ni mikesha minne.
Bei: yuro thelathini na nane.
Juma lililopita mama mmoja alizivaa, akazigeuzageuza,
akasema kule penye maegesho makubwa ni yuro tano.
Nikamjibu, ni kweli.
Nikabaki nakitazama kile kidole gumba
nilichokifumua mara tatu kabla hakijanyooka.

Vya wenzangu nauza vizuri.
Kikombe cha Tarmo nakisifu mpaka mteja anakikumbatia.
Nikifika kwenye glavu, ulimi unakuwa jiwe.
Kizuri chajiuza, husemwa.
Aliyesema hakuwahi kulipia droo tatu.

Halafu kuna ile noti.
Ya ishirini, ina doa la wino pembeni, umbo la figo.
Novemba nilimpa Tarmo, nikanunua bakuli nisilolihitaji.
Tarmo akampa Õnne: sabuni za mreteni, za mkewe.
Õnne akachukua miiko miwili kwa Kalju.
Kalju, mikono yake inapasuka kwa baridi,
akaja kwangu, nikampunguzia
karibu nusu.
Mara nne nimeikuta kisandukuni,
mara nne nimeiandika daftarini: mauzo.
Sote tuliijua. Hakuna aliyeitaja.
Tulikuwa tunalishana kwa kijiko kitupu,
na sijui ilikuwaje, tulishiba kidogo.

Leo ni siku ya kodi.
Bwana Uibo alikuja na theluji mabegani,
akahesabu akiwa amesimama.
Zilipungua ishirini.
Nikaitoa ile.
Hakuitazama. Akaikunja, akaisukuma mfukoni,
na hapo ndipo nilipoona kidole chake cha shahada
kikichungulia kwenye tundu la glavu
za kule penye maegesho.

Niliinama mimi.
Droo ya chini kabisa, za kijivu, pindo jekundu.
"Jaribu."
Akazivaa. Akafumba ngumi, akaifumbua,
akaifumba tena.
"Bei?"
Thelathini na nane, nikasema,
wala sikuitazama sakafu.

Akanipa noti mbili, nikamrudishia yuro mbili.
Alipotoka nilizipeleka dirishani:
safi, zote mbili, bila doa,
pesa za nje kabisa,
zenye baridi ya mfuko tusioujua.

Jioni nilimwandikia Tarmo: noti yetu imeondoka.
Alichelewa kujibu, labda alikuwa na udongo mikononi.
Itarudi, aliandika. Mji mdogo huu.
Halafu: umefunga droo ya afyuni?
Nikavaa koti, nikarudi kuangalia.