Mgeuza Kurasa

Jina langu halimo kwenye karatasi ya ratiba.
Limo la fundi aliyefunga taa,
la bucha iliyotoa soseji,
hata la mbwa wa polisi aliyeruka viunzi saa nne asubuhi.
Mgeuza kurasa hatajwi. Avae nyeusi, akae kushoto,
asikohoe.

Nélida Etcheverry amerudi baada ya miaka thelathini na moja
kupiga piano peke yake katika ghala la sufu
ambalo mama yake alilifagia hadi mgongo ukapinda.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema meya kwenye kipaza sauti,
nami nikajiuliza, katika hao wawili
Nélida ni yupi.

Piano yenyewe ya kuazima, kutoka klabu ya wacheza karata.
Imekuja juu ya lori la kondoo, chini ya turubai,
na fundi wa nyuzi amezuiwa Salto na mafuriko.
Saa tisa Nélida alivijaribu vibonye vyote, kimoja kimoja,
kama mwalimu anayeita majina baada ya safari ya mtoni.
Themanini na nane. Kimoja hakikuitika.
Fa, ile iliyo juu kidogo ya katikati:
ukiibonyeza inashuka laini kama jino bovu kwenye ufizi,
na husikii kitu.
"Wilmar," akaniambia, "usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu.

Sote wawili tulifundishwa na Bi Zulma,
aliyetugonga vifundo vya vidole kwa sindano ya kufumia.
Mimi niliacha nikiwa na miaka kumi na minne;
baba alitaka mikono ya kupanga chupa dukani.
Noti bado nazisoma,
kama mtu asomaye barua kwa lugha
asiyoweza tena kuombea maji.

Basi akaketi. Alivua viatu, hilo mliokaa mbele hamkuliona,
wala plasta kwenye kidole gumba,
wala jinsi anavyohesabu kwa kutafuna shavu la ndani.
Mvua ikaanza juu ya mabati.
Mzee Ubaldo akafyonza mate yake hadi kibuyu kikakoroma,
mkewe akamfinya.

Sonata ya kwanza ilipita mbio, fa ikamezwa na umati wa noti nyingine.
Ila ile sehemu ya polepole,
pale ambapo kila noti husimama mlangoni
ikivua kofia kabla ya kuingia,
pale hapakuwa na pa kujificha.
Niliinama kushika pembe ya ukurasa
nikamsikia.
Aliiimba.
Midomo imefungwa, sauti nyembamba kama uzi kwenye tundu la sindano,
mahali pake hasa, urefu wake hasa,
kisha kidole kinachofuata kikaipokea.

Mara kumi na moja. Nilihesabu mimi.
Watu mia mbili na viti vya plastiki,
na aliyejua piano ina koo la mtu ndani yake
ni mmoja.

Ya kumi na mbili ilikuwa ya mwisho kabisa,
fa peke yake, baada ya kimya kirefu.
Nikaona mabega yake yakipanda kutafuta pumzi,
yasiipate. Kidole kikashuka.
Sikupanga. Mdomo wangu ulitoa kitu,
chini kidogo ya sauti yenyewe, nadhani, na chenye kukwaruza.

Hakunitazama. Alicheka kwa upande mmoja wa uso,
upande wangu.

Makofi, maua ya duka la mafuta, meya tena.
Mimi nikabeba kiti changu.

Leo Jumatatu nimefungua duka saa mbili.
Mke wa Ubaldo amekuja kuchukua dawa ya presha, anasema
piano ile ya klabu, kumbe bado nzima!
Nikamfungia dawa. Nikamrudishia chenji.
Jokofu la chanjo linanguruma kwenye mi,
siku nzima, mi,
nami nimesimama karibu yake na daftari la madeni
nikingoja lipande nusu hatua.